Nani Akate Kona?

Bwenini, ghorofa ya juu
4 Mei

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Ipokee mara mbili, moja yangu na moja ya bendi nzima, maana wenzangu wamenisimamia kichwani hapa, kila mmoja anataka salamu zake ziingie. Hujambo? Shemeji hajambo? Goti je, limepoa au bado limevimba kama puto? Mimi ni mzima kuliko nilivyoondoka. Hewa ya ugenini imenikubali.

Usiniulize kwa nini naandika na simu zipo. Wewe kwenye simu ni mtu wa maneno mawili, "salama" na "haya", halafu umekata. Barua huwezi kuikata.

Basi nikupe siku yetu ya kwanza kuvuka mpaka tangu mwanzo wake. Pale uwanja wa ndege walitaka Tembo aingie chini, kwenye masanduku. Tarumbeta langu, kubwa kuliko yote katika bendi, eti likalale na mabegi! Nikamwambia yule binti wa kaunta, "Mama, huyu ana ugonjwa wa mbavu. Ukimlaza chini hatapumua tena." Akacheka, akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja na uso kama mlango uliofungwa. Nilimpa maneno, dada, ungekuwepo ungejivuna. Mwishowe akatazama kompyuta, akasema, "Kuna abiria mmoja hakuja. Mpeni kiti chake."

Kiti chako hicho. Tembo kasafiri dirishani, kwenye kiti chako, kafungwa mkanda kama mkwe. Mhudumu alipopita na chai akaniuliza, "Na mwenzako?" Nikasema, "Mwache, amelala."

Kinyozi, ambaye huko nyumbani akivaa ngoma yake kubwa anajiona jabali, alinishika mkono tangu ndege inaondoka hadi inatua. Wateja wake wanaompa shingo zao wangemwona! Mimi nilitulia. Unanijua, mimi ni mtu wa dunia. Kwamba nami ndiyo mara yangu ya kwanza kupanda ndege hakuna aliyegundua, isipokuwa pale nilipouliza dirisha linafunguliwaje.

Tulipofika, askari wa pasi akaniuliza, "Kazi yako?" Nikamjibu, "Fundi bomba. Mchana napitisha maji, jioni napitisha upepo." Akagonga muhuri bila kutabasamu, lakini niliona bega likicheka.

Aliyetualika ni mwanamke mmoja mfupi, ana funguo kiunoni za kutosha kufunga mji. Tunamwita Mama Mwenyeji. Ametulaza kwenye bweni la shule iliyofungwa likizo, vitanda vya chuma, shuka safi, maji ya moto mpaka unaona aibu kuyafunga. Kile kitanda cha chini dirishani ni chako. Kofia yako nyekundu nimeiweka juu ya mto. Ulisema wiki mbili, goti likipoa unatufuata, basi hakuna anayekigusa. Kinyozi alikiegemea tu, nikamvaa.

Jioni tulipiga kwenye ukumbi wao. Watu wote walitoka nje. Mengine utayasikia ukija.

Mdogo wako mwenye mapafu yake,
Domo

*

Nyumbani
25 Mei

Mdogo wangu Domo,

Marahaba, na wenzako wote marahaba. Sisi hatujambo. Shemeji yako alirudi salama na lori lake, ila amekukasirikia. Anasema bomba la jikoni linadondoka usiku na mchana, na fundi wa familia kaenda kupuliza tarumbeta kwa watu. Mvua imeshika. Paka amehamia kabatini.

Barua yako nilimsomea shemeji yako akacheka hadi akakohoa. Hiyo ya Tembo kuvaa mkanda ameshawasimulia madereva wenzake wote, na kila akisimulia anaongeza.

Sasa nikuulize. Nakujua tangu unaota meno. Ukipiga vizuri kwenye harusi ya watu tusiowajua, asubuhi unanisimulia, mchana unanirudia, jioni waalikwa wameongezeka. Leo umevuka mpaka, umepiga mbele ya watu wa nchi nyingine, na umeniandikia mistari miwili. Chai ya ndege imepata maneno mengi kuliko muziki. Halafu unasema watu wote walitoka nje. Domo, muziki ukiwa mzuri watu huingia ndani. Walitoka kwenda wapi?

Goti linaendelea. Kuhusu kuja, mambo yakikaa sawa nitakuja. Mwambie Mwalimu asiivute ile kola ya sare, niliishona mbiombio. Mvae soksi.

Dada yako

*

Bwenini, mji mwingine sasa
13 Juni

Dada,

Shikamoo. Wote wazima, ila Mwalimu ana mafua. Anapiga chafya kwa mapigo sahihi kabisa, jambo ambalo hajawahi kulifanya na tarumbeta. Mwambie shemeji akaze ile nati ya chini kwa spana na si kwa hasira. Paka mwacheni.

Umenikamata. Hata kwenye karatasi unanikamata. Haya, kaa vizuri.

Ukumbi ulikuwa mzuri, sikudanganyi, zulia jekundu na mataa mpaka unatoka jasho. Na jukwaani wametupangia viti. Viti, dada! Mbele ya kila kiti kibao cha kuwekea karatasi za muziki, na sisi karatasi hatuna. Tangu bendi hii izaliwe, nani amewahi kutuona tumekaa? Harusi tunatembea, mazishi tunatembea, mazoezi tunazunguka uwanja hadi mbuzi wanatukimbia. Wewe mbele na kofia yako, sisi nyuma tunafuata mgongo. Mguu wako wa kushoto ukigusa chini, Kinyozi anapiga, na muziki umeanza. Hiyo ndiyo shule yetu. Lakini nani angemwambia Mama Mwenyeji, naye kapanga vile viti kwa mikono yake? Tukakaa. Watu wakapiga makofi, kisha wakanyamaza.

Tukangoja. Watu wanatutazama sisi, sisi tunamtazama Kinyozi, Kinyozi anautazama mlango, maana amezoea wewe ndiye unayetokea.

Mwalimu akanong'ona, "Anza basi!"

"Nianze na mguu wa nani?"

"Wa kwako!"

"Wa kwangu nimeukalia!"

Niliona tunaumbuka, nikasimama. Na mimi nikisimama, Tembo naye anasimama. Alimgonga Mwalimu kisogoni, Mwalimu akainuka kwa hasira, na wengine kuona wawili wameinuka wakadhani ndiyo amri. Kinyozi akakanyaga, akapiga. Sasa mguu ukishakanyaga, dada, unamwita mwenzake. Tukashuka jukwaani. Tukapita katikati ya watu, wanashangilia, tukatoka mlango mkubwa, tukaingia barabarani. Muziki ulikolea, nakuapia. Vioo vya maduka viliitikia. Sijawahi kupuliza vile na sidhani kuna mtu amewahi.

Tatizo likawa moja tu. Mbele hakukuwa na mtu. Mbele ni pako, tulikuachia kama tulivyokuachia kitanda. Na bila mgongo wako, nani akate kona? Tukafika njia panda, tukanyooka. Nyingine, tukanyooka. Kila mtu anamngoja mwenzake apinde. Tukapita duka la viatu, tukapita benki, tukavuka daraja, mpaka barabara yenyewe ikachoka ikaishia ndani ya gereji ya mabasi, na sisi ndani. Tukasimama pale wanapooshea mabasi, kwa sababu mbele ukuta. Vijana wawili wameshika mipira ya maji wanatukodolea macho, maji yanawaingia viatuni.

Mwalimu akageuka. "Nani kasema tunyooke?"

Kinyozi akamjibu, "Nani kasema tupinde?"

"Wewe Domo ndiye uliyeinuka kwanza!"

"Niliinuka," nikamwambia. "Sikusema nakwenda mahali."

Mara Mama Mwenyeji huyo, anahema, funguo zinalia kiunoni, na nyuma yake ukumbi mzima. Walitufuata wote. Mzee mmoja alikuja na kiti chake mkononi. Ndiyo maana nikaandika walitoka nje, na uongo haumo. Walidhani tumepanga hivyo! Tukapiga pale gerejini mpaka waosha mabasi wakacheza na brashi zao. Tangu siku ile Mama Mwenyeji anatutangaza kila mji kama bendi inayotembea, na watu wanajaa.

Lakini mbele bado hapajapona. Tumemweka Mwalimu. Anahesabu kwa sauti, na kila kona anasimama kufikiri. Juzi tulimgonga mgongoni sote, wa mwisho akiwa Tembo.

Sikukuandikia mapema kwa sababu ungesikia hatujui hata kupinda, ungeamka na goti lako hilo ukapanda ndege siku hiyo hiyo.

Sasa zamu yangu. Barua yako ina shemeji, ina bomba, ina paka, ina kola. Haina cherehani. Wewe hujawahi kuniandikia hata pole ya homa bila kunitajia unashona nini. Unakanyaga ile pedali tangu mimi sijavaa suruali. Unashona nini siku hizi? Nijibu hilo tu.

Domo

*

6 Julai

Dada,

Shikamoo. Kimya. Nimempigia shemeji, ananiambia habari za matairi. Shemeji hana kipaji cha kuficha, anapumua kwanza ndipo anadanganya.

Kitanda bado ni chako, tumekihamisha na kofia yake hadi mji wa tatu sasa. Mama Mwenyeji aliuliza ni cha nani, nikamwambia cha mkubwa wetu, yuko njiani.

Uko njiani?

Domo

*

Nyumbani
17 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kukaa kimya. Shemeji yako naye usimgombeze, nilimfunga mdomo mimi. Nati ameikaza, bomba sasa linadondoka pande mbili.

Sishoni. Umeuliza, nimekujibu.

Goti walilipasua wiki ile ile mliyoondoka. Zile wiki mbili nilizitunga mwenyewe. Ningewaambia kweli mngeshusha mizigo, na wewe ungekuwa wa kwanza, ukakaa mlangoni pa hospitali unawasumbua wauguzi. Daktari ni kijana mpole, ananiita mama. Alisema nitatembea, ila kwa fimbo, na huu mguu hautakunjika tena kama zamani. Nikamwuliza, "Na kuongoza bendi?" Akaniuliza, "Bendi yenyewe inakwenda mwendo gani?" Nikampigia mezani kwa vidole. Akatikisa kichwa.

Cherehani tumejaribu. Mimi nashika kitambaa, shemeji yako anakaa pembeni anakanyaga. Lakini dereva wa lori ni dereva wa lori. Anaondoka kwa kishindo, kwenye kona hapunguzi, nikisema simama anakanyaga kwa miguu yote miwili. Tumemshonea mteja shati ambalo mkono mmoja haupitishi mkono. Basi cherehani tukaifunika.

Mazoezi yangu ni humu ndani, kitandani hadi dirishani. Fimbo kwanza, halafu mguu mbovu unajiburuta, halafu mzima unatua. Ko, shwaa, pa. Ko, shwaa, pa. Shemeji yako akisikia hivyo anajua nakuja kumgombeza, anajifanya amelala.

Kofia mpeni Mwalimu. Akizoea hataendelea kuhesabu kwa sauti. Mimi nitavuta kiti dirishani, mkipita nitawapungia mkono. Sitaki mtu anililie huko. Mle, mlale, mpige vizuri.

Dada yako

*

Bwenini
2 Agosti

Dada,

Shikamoo, na pole. Pole hiyo ni ya goti. Kwa kunificha sikupi pole, tutaonana uso kwa uso.

Nilisoma barua yako kwa sauti mbele ya bendi nzima, kila mtu kitandani kwake. Nilipofika pale pa kiti na dirisha, sauti ikaniharibikia, nikasingizia mafua ya Mwalimu, ambaye alipona zamani. Mwalimu akanyanyuka, akaichukua kofia yako kwenye mto, nikajua anaivaa, nikakunja ngumi. Kumbe aliipangusa vumbi akairudisha. Akasema, "Mimi kichwa changu ni kidogo kwa hii." Siku hiyo nilimpenda yule mtu, usimwambie.

Halafu Kinyozi akasema, "Rudia pale pa fimbo."

Nikarudia. Ko, shwaa, pa.

Akashuka na ngoma yake. Ko akaigonga kwenye ubao wa pembeni. Pa akaipiga katikati. Shwaa ikamshinda, kila akijaribu kwa kiganja inatoka kavu. Akafungua begi lake la kazi, akatoa ile brashi ya kupangusia nywele shingoni, akaivuta juu ya ngozi. Shwaa. Dada, ulikuwa umeingia chumbani. Nilitazama mlangoni, sikuwa peke yangu.

Mwalimu akapinga, maana asipopinga hashibi. "Hii ina tatu. Mtu ana miguu miwili. Haitembeki."

"Dada yangu anaitembea," nikamwambia, nikachukua ufagio, nikashika korido ya bweni nikitembea kama wewe. Wakaja nyuma yangu. Mwanzoni tuligongana kama mabehewa, tumezoea kukimbilia mguu unaofuata. Ikabidi tujifunze kungoja. Fimbo inatangulia, mguu unavutwa, mwingine unatua, na hapo katikati kuna nafasi ya Tembo kuvuta pumzi hadi tumboni na kutoa sauti ambayo zamani hatukuwa na muda wa kuisikia.

Jumamosi tukaipeleka barabarani. Unajua sisi tukipita, wanaotufuata ni vijana, wazee hubaki milangoni na mikono kifuani. Safari hii bibi mmoja mwenye fimbo aliteremka ngazi za nyumba yake, akaingia katikati yetu kama mtu aliyekuwa anangoja basi lake. Halafu baba anayesukuma mtoto kwenye kigari. Halafu mafundi waliobeba kioo kikubwa, wakaona kumbe kwa mwendo huu hakitavunjika. Barabara ilijaa kuliko siku ya gereji. Mama Mwenyeji alilia, funguo zote zikalia naye.

Wimbo huu nimeutunga mimi, popote utakapousikia waambie hivyo. Kinyozi alisaidia kidogo na brashi. Na wewe kidogo na goti.

Sasa sikiliza. Tunatua tarehe 5 Septemba, na basi litatushusha sokoni mchana. Hapo hapo tutajipanga na kupiga. Barabara ya sokoni unaijua, usipokata kona inakwenda moja kwa moja hadi mtoni. Na sisi unatujua. Nimewaapisha wote, hata Mwalimu, kwamba hakuna atakayepinda. Mbele patakuwa wazi. Usipokuwepo kuivaa kofia yako tutanyooka, tutaingia majini na sare ulizotushonea, na Tembo hajui kuogelea.

Kutoka dirishani kwako mto hauonekani. Kwa hiyo hilo la kiti lifikirie upya.

Mdogo wako, mtunzi,
Domo

*

Nyumbani
19 Agosti

Domo,

Marahaba. Sisi hatujambo. Paka ametoka kabatini na watoto wake, shemeji yako anatembea kwa kunyata ndani ya nyumba yake mwenyewe. Njoo na spana.

Sare zile nimezishona kwa miguu yangu miwili, haziingii majini. Kofia ifueni kwa maji baridi, ya moto yataitoa rangi. Shemeji yako atanileta sokoni na lori. Kushuka nitashuka mwenyewe, asije mtu kunishika mkono mbele za watu, na wewe ndiye hasa ninayekwambia.

Nimekwenda kupima njia. Kutoka sokoni hadi pale kwenye mashine ya kusaga nafika bila kupumzika. Hapo nitakata kushoto, kuna kivuli. Nikisimama, simameni mpige palepale mpaka niondoke tena. Asinipite mtu.

Na Kinyozi mwambie ile shwaa aifupishe. Siku hizi mguu unainuka.

Dada yako